Kufunga Madigadi ya Nyuma kwenye Haditeli: Mwongozo Kamili kwa Mjenzi wa Mombasa

Pikipiki ya kawaida gurudumu lake la nyuma hupanda na kushuka kwa shokabu, kwa hiyo madigadi huwekwa juu sana ili tairi lisiigonge. Haditeli haina shokabu nyuma. Ekseli imekazwa moja kwa moja kwenye fremu, gurudumu halipandi wala halishuki, na ndiyo maana madigadi inaweza kulikumbatia tairi kwa karibu na kufuata mviringo wake toka mwanzo hadi mwisho. Huo ndio uzuri wa pikipiki hizi. Harley-Davidson kubwa zote zilikuwa hivyo mpaka mwaka 1958, Duo-Glide ilipokuja na shokabu za nyuma, na vijana wa Marekani waliokuwa wakikata madigadi za pikipiki zao miaka ya 1930 na 1940 walianzisha mtindo ambao mpaka leo tunaufuata tukijenga boba, yaani pikipiki iliyokatwa madigadi na kupunguzwa vikorokoro.

Ukaribu huo una hatari yake. Ukienda kilomita 80 kwa saa, sehemu ya juu ya tairi inakimbilia mbele kwa kasi hiyo hiyo chini ya bati lako. Tairi likilidaka bati, linalivuta mbele na kulibana kwenye giaboksi, na gurudumu linafunga papo hapo. Tena, kwa vile hakuna cha kumeza kishindo, kila tuta na kila kishimo huishukia madigadi bila kupunguzwa. Vishikizo vinavyotosha kwenye pikipiki yenye shokabu hapa hupasuka.

Kwa hiyo kila kipimo katika kazi hii kianzie kwenye gurudumu lililokwisha kukamilika. Anayeanzia kwenye kiti, au kwenye picha aliyoipenda, ataishia kuchomelea mara mbili.

Kamilisha gurudumu

Usiishike madigadi kabla gurudumu halijawa vile litakavyokuwa barabarani. Rimu imenyooshwa, beringi zimo, breki imefungwa, tairi ni lile utakaloendeshea na lina upepo wake kamili. Usipimie tairi kuukuu. Matairi mawili yaliyoandikwa saizi moja, yakitoka kwa watengenezaji wawili, hupishana milimita kadhaa ukiyapima kwa venia (kipimio chenye taya), na milimita hizo ndizo tunazozigombania hapa.

Simamisha pikipiki wima, fremu ikiwa imeegemezwa kwa mbao pande zote mbili, na uhakikishe kwa pima maji. Nyosha kamba mbili toka nyuma, zipite ubavuni mwa gurudumu la nyuma hadi la mbele, uone kama magurudumu yamefuatana. Kisha pima toka ukingo wa tairi hadi paipu ya fremu, kulia na kushoto. Tofauti ikizidi milimita 2, rekebisha spesa za ekseli (vipande vinavyoshika gurudumu mahali pake kulia na kushoto) sasa. Kuna fremu ambazo tairi limesogezwa kando kwa makusudi ili cheni ipite. Hapo madigadi ifuate tairi, isifuate fremu, kwa sababu jicho la mtu aliyesimama nyuma hulinganisha tairi na madigadi kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa cheni, na hapa naomba usome polepole, maana ndipo madigadi nyingi zinapoharibika miezi kadhaa baada ya kufungwa vizuri. Cheni hurefuka kwa kuchakaa, na kila ukiikaza unairudisha ekseli nyuma. Cheni ya 428, ambayo pikipiki nyingi za boda huitumia, ina hatua ya milimita 12.7 kwa kila pingili. Yenye pingili 120 ina urefu wa milimita 1,524. Ikirefuka kwa asilimia 2, kiwango ambacho ni cha kuitupa, imeongezeka milimita 30, na ekseli imerudi nyuma nusu ya hizo, yaani milimita 15. Madigadi yako imefungwa kwenye fremu, haiendi popote. Juu kabisa ya tairi nafasi haibadiliki. Kwenye digrii 45 kuelekea nyuma inapungua kama milimita 11. Na ikiwa mkia wa madigadi unafika usawa wa ekseli, milimita 15 zote zinatoka kwenye nafasi yako. Mtu aliyeacha milimita 15 kwa kupenda kubana atasikia tairi likilamba bati siku cheni inapokaribia kufa.

Dawa yake ni rahisi. Funga cheni mpya, tia alama ya kalamu kwenye pleti ya ekseli (bamba la fremu linaloishika ekseli) mahali ilipo, kisha rudisha ekseli nyuma milimita 7 hadi 8 ili ufanyie vipimo vyote katikati ya safari yake. Cheni mpya haitaruhusu ekseli irudi hivyo, kwa hiyo ivue wakati wa kazi. Ukimaliza unairudisha ekseli kwenye alama na kuifunga cheni.

Bati litoke wapi

Njia ni tatu. Ya kwanza ni madigadi ya trela ndogo. Za magurudumu ya inchi 13 hukaribia sana mviringo tunaoutaka, na kwa pwani yetu trela za kubebea maboti hazikosekani, kuanzia Tudor hadi Mtwapa. Tatizo lake ni hilo hilo lililoleta trela pwani: zimeingizwa majini. Kabla ya kutoa pesa, ipige polepole kwa nyundo ndogo ukianzia kwenye kingo. Bati zima hulia. Bati lililoliwa na kutu kwa ndani hutoa sauti iliyokufa, na pengine nyundo inaacha kibonyeo. Aina hizi pia huwa pana. Zinaweza kupasuliwa katikati kwa urefu, zikapunguzwa na kuunganishwa tena, lakini mshono huo unadai mkono mzuri.

Ya pili ni madigadi ya chuma ya pikipiki ya zamani kutoka kwenye skrepu. Ikiwa mviringo wake unalingana na tairi lako, chukua bila kufikiri mara mbili. Zimefinyangwa kiwandani na mgongo wake uliobinuka unazipa nguvu.

Ya tatu, ninayoipenda zaidi, ni kukunjisha bati jipya kwa fundi mwenye mashine ya rola. Hapo unapata unachotaka hasa. Mwambie akupe bati jeusi la milimita 1.5. La milimita 1.2 linafaa kwa pikipiki nyepesi ya mtu mmoja, lakini kwenye haditeli mimi silipendekezi. Bati la kuezekea nyumba ni jembamba mno, na lolote lenye zinki lina shida nyingine: likichomelewa linatoa moshi mweupe unaoleta homa. Alumini hupasuka mapema kwa mtikisiko wa fremu hizi.

Hesabu ya kumpa fundi ni hii. Chukua tairi la 130/90-16. Rimu ni inchi 16, yaani milimita 406, ukuta wa tairi ni asilimia 90 ya 130, yaani 117, mara mbili ni 234. Kipenyo chote ni milimita 640, nusu yake 320. Ongeza nafasi ya milimita 20, upate nusu kipenyo cha 340 kwa upande wa ndani wa bati. Ukitaka madigadi ya kufunika nusu duara, urefu wa bati ni milimita 1,068. Mimi hukata ndefu kuliko inavyohitajika, maana ni rahisi kupunguza. Hesabu ya kwenye karatasi ni ya kukupa makadirio tu. Pima tairi lenyewe, kisha chora mviringo kwenye boksi gumu kwa kamba na kalamu, ukate, ulipachike juu ya gurudumu uone. Boksi hilo ndilo unalompelekea fundi wa rola.

Kwa upana, acha si chini ya milimita 12 kila upande wa tairi. Tairi la 130 linahitaji madigadi ya 155 hivi. Kabla ya kukubali upana huo angalia cheni ikiwa imefungwa, ekseli kwenye alama: ukingo wa bati na cheni viachane angalau milimita 12 ukiipandisha cheni kwa kidole mpaka juu kabisa inapofika. Cheni iliyolegea hupiga mijeledi ukifunga mafuta ghafla. Ikiwa nafasi haitoshi, utakata kidirisha upande wa cheni na kukitilia ukingo wa nondo laini ya milimita 6. Nondo hiyo hiyo, ikizungushwa kingo zote za madigadi bapa, huiongezea ugumu mara nyingi.

Kuitega juu ya tairi

Vifaa ni vya kawaida: grainda yenye diski ya milimita 1, keekee, tupa, jiliwa, venia, pima maji, tepu ya karatasi. Zaidi ya hivyo tafuta mpira wa maji wa bustani wenye unene wa nje wa milimita 20, na blada nne au tano, zile za tyubu ambazo watu wa boda hufungia mizigo.

Kata vipande viwili vya mpira wa maji, uvilaze sambamba juu ya tairi kufuata mzunguko wake, uvishike kwa tepu. Weka madigadi juu yake. Pitisha blada juu ya madigadi na ndani ya spoku, ukaze. Sasa bati limekaa milimita 20 kutoka kwenye mpira wa tairi kila mahali, na unaweza kulizungusha mbele au nyuma huku nafasi ikibaki ile ile. Kwa anayekwenda lami tupu za kisiwani na Nyali, 20 inatosha. Anayeingia barabara za murram za Kwale na Kilifi aende 25, kwa sababu jiwe dogo linaloganda kwenye meno ya tairi lazima lipate pa kupitia.

Swali linalofuata ni madigadi ianzie wapi na iishie wapi, na hili huamuliwa na maji kabla ya kuamuliwa na sura. Tairi likizunguka, upande wake wa nyuma unapanda. Maji yanayoachia tairi usawa wa ekseli hurushwa juu wima. Yanayoachia juu ya hapo hurushwa juu na mbele, yaani mgongoni mwako. Yanayoachia chini ya ekseli hurushwa nyuma, kwa aliyekufuata. Madigadi fupi inayokatika digrii 45 juu ya ekseli ni nzuri machoni, lakini mwezi wa Mei, ambao kwetu ndio wenye mvua nyingi kuliko yote, kila dimbwi utalivaa shingoni. Kwa pikipiki ya kuendeshwa kweli, napendekeza mkia ushuke hadi digrii 20 juu ya usawa wa ekseli, au chini ya hapo. Upande wa mbele uteremke nyuma ya giaboksi vya kutosha kukinga betri na waya.

Chora mistari ya kukata kwenye tepu ya karatasi, kisha rudi nyuma hatua kadhaa uangalie. Angalia toka ubavuni ukiwa umechuchumaa, macho usawa wa ekseli. Mviringo wa bati na mviringo wa tairi lazima viwe sambamba, kwa sababu mwanya unaopanuka upande mmoja huonekana mara moja hata na mtu asiyejua pikipiki. Toka nyuma, pima kutoka ukingo wa bati hadi ukingo wa tairi pande zote mbili, juu, katikati na mkiani. Acha usiku upite kabla ya kukata. Asubuhi jicho huona yale ambayo jioni lilichoka kuyaona.

Vishikizo

Madigadi ya haditeli inataka kushikwa sehemu nne: mbele chini, juu chini ya kiti, na mikono miwili nyuma, kulia na kushoto. Wapo wanaoishika sehemu mbili tu na kuchomelea mkia juu kwa juu. Bati la milimita 1.5 likining'inia hivyo hutikisika mpaka chuma kikachoka, na ufa wa kwanza huanza kwenye tundu la bolti.

Shika mbele kwanza. Karibu kila fremu ina paipu ya kukingama nyuma ya giaboksi. Hapo unachomelea vitako viwili vya chuma vyenye hesi ndani, vimeachana milimita 60 au 70. Kitako ni kipande cha nondo ya kipenyo cha milimita 20, kimekatwa urefu unaojaza nafasi iliyopo, kikatobolewa na kutiwa hesi ya M8. Mpe kazi hiyo fundi wa kukereza. Ni ya muda mfupi, na vitako vinatoka na uso ulionyooka ambao grainda haiwezi kukupa. Bolti mbili mbele huizuia madigadi isipinduke kama mlango.

Cha juu hukaa kwenye paipu ya kukingama chini ya kiti. Ikiwa spring za kiti zinakanyaga fremu, kitako kimoja kinatosha. Ikiwa kiti kinakaa juu ya madigadi yenyewe, mambo yanabadilika kabisa: uzito wako wote, mara tatu au zaidi unapogonga tuta, unashuka kwenye bati. Hapo tia vitako viwili na pleti pana chini yake, au bora zaidi urudishe kiti kwenye fremu. Na asikae abiria juu ya madigadi ambayo haikujengewa abiria, hata kwa safari ya kwenda dukani.

Mikono ya nyuma ndiyo inayobeba dhamana kubwa. Tumia nondo laini isiyo na tundu ya milimita 12. Paipu nyembamba ni nyepesi, lakini hutunza maji ya chumvi ndani na kuoza bila kukuonyesha. Anza kwa kupinda waya mnene kutoka kwenye pleti ya ekseli hadi kwenye madigadi, mpaka waya ukae vile unavyotaka mkono ukae, kisha pasha nondo moto na uipinde kufuata waya. Pinda ya kulia na ya kushoto pamoja kwenye jiliwa ili zilingane. Usizipondeponde ncha kuwa bapa na kuzitoboa. Hapo penye badiliko la unene ndipo zitakapovunjika. Chomelea kitako kidogo kila ncha.

Mkono ufungwe kwenye fremu, yaani kwenye sikio la chuma la milimita 6 lililochomelewa juu ya pleti ya ekseli. Kuna wanaoufunga kwenye ekseli yenyewe ili madigadi ifuate gurudumu cheni ikikazwa. Wazo lina mantiki, ila vishikizo vya mbele haviendi kokote, kwa hiyo kila ukikaza cheni unaipinda madigadi. Mimi nasema fremu.

Popote bolti inapopita kwenye bati, weka pleti ya kuongeza nguvu, unene wa milimita 3, ukubwa wa takriban 50 kwa 80, pembe zote zimeviringwa kwa tupa. Pembe kali hukusanya nguvu mahali pamoja na kuanzisha ufa. Bolti zipite kutoka ndani kwenda nje: kichwa cha duara bapa kikae upande wa tairi, nati au kitako kikae nje. Hata bolti ikirefuka kupita kiasi, ncha yake haitalitazama tairi.

Kuchomelea

Toa tangi la mafuta na lipeleke mbali, lisibaki pembeni tu. Toa betri, chomoa CDI (kisanduku cha umeme wa plagi). Klampu ya ethi ibanwe kwenye fremu karibu kabisa na mahali unapochomelea, isibanwe kwenye gurudumu, maana umeme ukipita kwenye beringi unaziachia mabaka. Funika tairi na cheni kwa gunia lililolowa.

Kwanza ni nukta tu, yaani vishono vidogo vya kushikiza. Kila kitako nukta mbili, kila sikio nukta mbili, madigadi ikiwa imefungwa kwa blada na mpira wa maji bado upo. Kama kazi unampa fundi mwingine, mwambie mapema na bila kuona haya: "Fundi, shika kwa nukta tu, usifunge mpaka nizungushe gurudumu." Wachomeleaji wetu ni hodari na wana haraka, na akishafunga mshono wote hakuna la kurekebisha ila grainda.

Nukta zikishika, kata blada, chomoa mpira wa maji, zungusha gurudumu kwa mkono. Pima nafasi tena sehemu zote. Ikiwa mkia umehama milimita 3 upande mmoja, vunja nukta moja, sukuma, shika tena. Sasa ndiyo saa yake.

Ukiridhika, toa gurudumu. Rudisha ekseli na spesa zake peke yake na uikaze, ili pleti za ekseli zisivutwe ndani na joto. Acha madigadi imefungwa kwenye bolti zake zote. Chomelea vitako na masikio kwenye fremu kwa vijiti vya milimita 2.5, ampea 70 hadi 90. Kwa pleti juu ya bati la 1.5 tumia vijiti vya milimita 2 na ampea 40 hadi 60, mishono mifupi ya milimita 20, ukihama kulia, kushoto, mbele, nyuma, na kusubiri bati lipoe mpaka liguswe kwa mkono. Bati jembamba likipashwa mfululizo hujikunja, na madigadi iliyojikunja hairudi kirahisi. Mwenye mashine ya MIG au TIG ana raha zaidi hapa.

Jaribu kabla ya rangi

Funga kila kitu kikavu, bila rangi. Cheni ikiwa imevuliwa, rudisha ekseli nyuma mpaka mahali itakapofika cheni ikichakaa, zungusha gurudumu, pima. Rudisha mbele kwenye alama, funga cheni, pima. Kisha pakaa chaki nyeupe kote ndani ya madigadi na uendeshe polepole mtaani, upite matuta, upinde kulia na kushoto, ukiwa na uzito utakaobeba siku zote. Fungua uchungulie kwa tochi. Chaki iliyofutwa mstari mwembamba inakwambia hasa tairi linagusa wapi.

Endesha hivyo siku kadhaa kama hakuna mvua. Shika mkia kwa mkono na uutikise, uone kama umelegea kuliko mwanzo.

Taa na namba zipangwe katika hatua hii, matundu yake yakiwa bado ni ya kutoboa. Namba ionekane na imulikwe, taa nyekundu iwake na ile ya breki ifanye kazi. Waya upitishwe ndani ya kipaipu chembamba cha breki kilichochomelewa kwenye kona ya ndani ya bati, mbali na tairi, na kila tundu litiwe kizibo cha raba. Waya mtupu ukisugua ukingo wa bati utafika kwenye shaba haraka sana kwenye fremu isiyo na shokabu. Na kwa kuwa umebadilisha fremu yenyewe, jambo hilo ni la kupeleka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, ambao ndio wenye daftari la usajili.

Kutu

Mombasa chuma kitupu hakilali uchi. Kisugue jioni, ukiache bila rangi, na asubuhi utakikuta kina vumbi la rangi ya chungwa, hasa msimu wa kusi upepo ukitoka baharini. Anayevuka Likoni kila siku anapata chumvi zaidi. Kwa hiyo panga siku: kusafisha na praima viwe ndani ya siku moja.

Fungua kila kitu. Ng'oa ganda la mishono kwa nyundo na brashi ya waya, ukague vitundu vidogo kama vya sindano, uvijaze. Suuza kwa maji matamu kuondoa chumvi, kausha kabisa, paka msasa, futa kwa thina. Kisha praima ya epoksi au yenye zinki, tabaka mbili, upande wa ndani kabla ya wa nje. Kati ya pleti ya nguvu na bati ziba kwa mastiki ya magari, kwa sababu hapo maji huingia na hayatoki. Upande wa ndani malizia kwa rangi nzito ya mpira ile ya kupaka chini ya magari. Haing'ari, hakuna atakayeiona, na ndiyo itakayoamua madigadi itadumu au haitadumu. Mawe ya barabarani hupiga upande huo kila dakika.

Ndani ya matundu ya bolti rangi ifike pia. Kama unapenda bolti zisizoshika kutu, tafuta za daraja la A4, ambazo huhimili chumvi kuliko A2, na uzipake grisi kwenye hesi zisigandane. Chini ya kila kichwa cha bolti weka washa pana, na kati ya washa na rangi kipande cha raba nyembamba. Raba hiyo huzuia rangi isipasuke.

Kufunga na kukagua

Anza na bolti za mbele, uzikaze kwa vidole tu. Fuata ya juu, kisha mikono ya nyuma. Kila bolti iingie bila kulazimishwa. Ikibidi kuvuta bati kwa bisibisi ili tundu lilingane, simama na upanue tundu kidogo kwa tupa duara, maana bati lililofungwa likiwa limevutwa limeshaanza safari ya kupasuka. Zikishaingia zote, kaza kwa zamu. Tumia nati zenye plastiki ndani, na kwenye vitako tia tone la gundi ya hesi ya kiwango cha kati.

Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza tena bolti zote. Baada ya hapo kila unapokaza cheni, kagua na madigadi: ingiza kidole kati ya tairi na mkia, tikisa mikono ya nyuma, na uangalie kingo za pleti za nguvu kwa tochi. Ufa mdogo hauonekani kama ufa. Utaona mstari mwembamba wa kutu, kama unywele, unaotoka kwenye tundu la bolti au mwisho wa mshono na kupita juu ya rangi. Ukiuona, usiendeshe. Fungua madigadi, toboa tundu la milimita 3 mwisho kabisa wa ufa ili usiendelee, chomelea ufa, ongeza pleti pana zaidi ya ile ya kwanza, kisha utafute kishikizo gani kilikuwa kimelegea, kwa sababu bati lilipasuka likibeba mzigo wake.